Sanduku la vifaa vya kuzalishia mbwa: kipi kinaokoa mtoto, kipi kinajaza nafasi

Masanduku haya huuzwa kwa picha moja: jike amelala kwenye blanketi, mtoto ndiyo kwanza ametoka, na mkono wenye glavu umeshika mkasi. Vitu vingi vilivyomo ni vya usiku huo mmoja. Lakini mbwa jike mwenye afya huzaa mwenyewe mara nyingi bila kuguswa. Hupasua mfuko kwa meno, hutafuna kitovu, humlamba mtoto mpaka alie. Watoto waliozaliwa hai na kisha kufa, wengi wao hufia ndani ya siku 7 za kwanza, kwa baridi, kwa njaa ambayo hakuna aliyeiona, au kwa maziwa yaliyoingia mapafuni. Kwa hiyo kila kitu sandukuni tumekipima kwa swali moja: kinasaidia nini siku ya tatu, saa tisa usiku?

Sanduku lenyewe ni la ukubwa wa kati, la aina inayouzwa kwa wanaozalisha mbwa nyumbani. Mna kipimajoto cha kidijitali, kipira cha kufyonza makamasi, vibanio vya plastiki vya kitovu, koleo ndogo ya chuma, mkasi, uzi, chupa ya iodini, glavu, taulo mbili, mikanda ya shingoni ya rangi 12, mizani, chupa ya maziwa na chuchu zake, mrija wa kulishia na bomba la sindano, kopo la maziwa ya unga, pedi ya joto ya umeme, jeli ya kalsiamu na kijitabu. Vinavyostahili fedha yako ni vinne: kipimajoto, koleo, mizani na mrija. Vingine vina mbadala bora au ni vya kubadilisha, na kimoja ni cha kufungia kabatini mpaka daktari akiulize.

Kipimajoto

Hiki hutumika kabla ya siku yenyewe. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi tangu yai kuachiliwa. Ukihesabu tangu siku ya kupandishwa, hesabu inaweza kuangukia popote kati ya siku 57 na 72, kwa sababu mbegu za dume huishi siku kadhaa ndani ya jike zikilisubiri yai. Kalenda peke yake inadanganya, na hapo ndipo kipimajoto kinapolipa gharama yake.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 mpaka 39.2. Homoni inayoshikilia mimba ikiporomoka, joto nalo linashuka chini ya 37.2, na kwa kawaida uchungu huanza ndani ya saa 24. Tatizo ni kwamba mshuko huo hudumu saa chache tu kisha joto linapanda tena. Anayepima mara moja kwa siku anaukosa, halafu analaumu kipimajoto. Pima asubuhi na jioni, saa zilezile, kuanzia siku ya 57 tangu kupandishwa, na uandike.

Kipimajoto cha sandukuni kina ncha inayopinda, nacho ni kizuri kwa kazi hii. Paka mafuta ya mgando, ingiza sentimita 2 hadi 3 kwenye njia ya haja kubwa, kisha ielemeze ncha kidogo iguse ukuta wa utumbo. Ukiichomeka katikati ya kinyesi unasoma joto la kinyesi. Kasoro yake ni moja na ni nzito: hakisomi chini ya nyuzi 32. Mtoto aliyepoa sana ukimpima, kioo kinaonyesha herufi mbili tu, Lo, na hapo hujui kama yuko 31 au 27. Ongeza kipimajoto cha mifugo kinachosoma chini zaidi, na kila kimoja ukiwekee alama kisichanganywe.

Kitovu: weka vibanio kando, tumia koleo

Vibanio vya plastiki ni vilevile vinavyotumika kwa watoto wa binadamu. Kwenye mtoto wa mbwa mkubwa, mwenye gramu 450, vinavumilika. Kwenye mtoto wa mbwa mdogo, mwenye gramu 120, kibanio ni mzigo unaoning'inia tumboni. Kinanasa kwenye taulo, mama anakiona ni uchafu na anakivuta kwa meno. Kitovu kikivutwa hivyo, ukuta wa tumbo unaweza kuachia na mtoto akapata ngiri ya kitovu, au utumbo ukatoka kabisa.

Koleo ndogo ya chuma inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwanza sukuma damu iliyo ndani ya kitovu kuelekea kwa mtoto, ukikikamua taratibu kwa vidole viwili. Bana kwa koleo sentimita 2 hadi 3 kutoka tumboni. Funga uzi kati ya koleo na tumbo, kata upande wa pili wa koleo, ule wa kondo, kisha uachie koleo na utazame kwa nusu dakika kama damu inatoka. Ikichuruzika, funga uzi wa pili. Ncha za uzi zikatwe fupi kabisa, mama asipate cha kuvuta. Mwisho chovya kishina chote kwenye iodini. Kukipangusa kwa pamba hakutoshi, kwa sababu tundu lenyewe la kitovu ndilo mlango wa vijidudu. Mimina iodini kwenye kifuniko kidogo, chovya, na umimine mpya kwa kila mtoto.

Mkasi wa sandukuni ni mkali mno. Inashangaza kulihesabu hilo kuwa kosa, lakini mishipa iliyokatwa kwa ukali huvuja kuliko iliyosagwa, na ndiyo maana meno ya mama husimamisha damu vizuri. Mkasi butu kidogo wenye ncha za mviringo unafaa zaidi. Glavu ni glavu. Ziko za kutosha.

Kipira, taulo, na mtoto asiyelia

Kipira cha kufyonza ni laini na hurudi haraka kikibonyezwa, lakini ncha yake ni nene. Puani kwa mtoto mdogo haiingii, na haipaswi kulazimishwa. Kitumie mdomoni tu: kibonyeze kwanza kikiwa nje, ndipo uingize ncha pembeni mwa mdomo na kuachia. Anayekibonyeza kikiwa ndani anapuliza makamasi kuelekea kooni. Mdomo utangulie, pua ifuate, kwa sababu mtoto akiguswa pua huvuta pumzi kwa ghafla, na kilichokuwa mdomoni kinashuka mapafuni.

Taulo mbili ni mzaha kwa jike anayetarajiwa kuzaa watoto 8. Tena ni za nyuzi laini zinazoteleza, na mtoto mbichi anateleza kama sabuni. Weka taulo za pamba zilizochakaa, mbili kwa kila mtoto, zilizopashwa moto.

Zinahitajika nyingi kwa sababu kazi kubwa ya kumfufua mtoto ni kusugua, na taulo iliyolowa haisugui. Mtoto akitoka na mfuko wake, mpe mama nafasi ya nusu dakika hadi dakika moja. Asipoupasua, upasue wewe kuanzia puani na uuvue kuelekea nyuma. Pangusa mdomo. Mlaze kwenye taulo kavu, kichwa kikiwa chini kidogo ya mwili, sugua mgongo na mbavu kinyume na manyoya yake kwa nguvu ya wastani. Ulimi na ufizi hutakiwa kugeuka kutoka rangi ya bluu au kijivu kuwa waridi. Taulo ikilowa, tupa, chukua nyingine. Endelea hata dakika 15 au 20 maadamu moyo unadunda. Unausikia kwa kubana kifua kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nyuma tu ya viwiko.

Kijitabu bado kinafundisha kumrusha mtoto kwa mikono, kichwa kikielekea chini, ili maji yatoke. Tafadhali chana ukurasa huo. Mtikiso wa namna hiyo unaweza kuvujisha damu kwenye ubongo, na maji yanayoonekana kutoka mara nyingi ni ya tumboni, si ya mapafuni. Watoto wameteleza pia mikononi mwa watu wakigonga sakafu.

Kijitabu kinasema "ukiona tatizo mwite daktari"

Sentensi hiyo haimsaidii mtu, kwa sababu uchungu wa mbwa wote unafanana na tatizo. Jike anahema, anatetemeka, anakataa chakula, anatapika, anachimba blanketi na kulipanga upya. Hiyo ni hatua ya kwanza, nayo huchukua saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24, hasa kwa mzazi wa kwanza. Ndani ya hatua hiyo hakuna cha kufanya ila kumwacha sehemu tulivu yenye maji. Kinachotakiwa kwenye kijitabu ni saa, na saa zenyewe ni hizi.

Akisukuma kwa nguvu, mfululizo, kwa dakika 20 hadi 30 na mtoto hajatoka, piga simu. Akisukuma kidogokidogo na kupumzika kwa saa 2 bila mtoto, piga simu. Ikipita zaidi ya saa 2 kati ya mtoto na mtoto huku unajua wengine wamo, piga simu, hata kama ametulia na anawanyonyesha waliotoka. Chupa ikipasuka na saa 2 zikapita bila mtoto, hali kadhalika. Joto likishuka chini ya 37.2 na saa 24 zikaisha bila dalili yoyote ya uchungu, usisubiri asubuhi.

Halafu kuna rangi. Ute wa kijani kibichi au kijani cheusi ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo limeanza kubanduka na mtoto aliyeshikamana nalo anapungukiwa hewa. Hapo mpigie daktari mara moja. Rangi hiyohiyo ikitoka baada ya mtoto wa kwanza ni ya kawaida, hivyo usiifanyie hofu.

Miguu ya nyuma ikitangulia, usistuke. Kwa mbwa karibu watoto 4 katika kila 10 huja hivyo na hutoka salama. Wa hatari ni yule anayetanguliza makalio na mkia, miguu ikiwa imekunjwa mbele chini ya tumbo lake. Mtoto aliyenasa nusu nje mshike kwa taulo, kwa ngozi na nyonga na si kwa mguu mmoja, umpake kilainishi kinachochanganyika na maji, na umvute kuelekea chini, upande wa visigino vya mama, wakati uleule mama anaposukuma. Akiacha kusukuma, nawe acha kuvuta. Kilainishi hicho hakimo sandukuni, na ni pengo kubwa kuliko lilivyoonekana kwa aliyelipanga sanduku.

Hesabu makondo. Kila moja hufuata mtoto wake kwa dakika 5 hadi 15, ingawa mara nyingine hutoka watoto wawili ndipo yakafuata makondo mawili. Mama akila moja au mawili si neno; akila yote tarajia kuharisha. Na idadi ya watoto ijulikane mapema kwa eksirei kuanzia siku ya 55, mifupa yao inapoonekana vizuri. Bila idadi hiyo hujui kama jike amemaliza au amechoka.

Mbwa wenye pua bapa na vichwa vikubwa, kama buldogi wa Uingereza na wa Ufaransa, hawafai kutegemea sanduku lolote. Wengi wao huhitaji upasuaji, na upangwe na daktari kabla ya uchungu.

Mizani, na mikanda ya rangi

Kama ungenunua kitu kimoja tu, nunua mizani. Hii ya sandukuni inasoma gramu moja moja mpaka kilo 5, ina kitufe cha kurudisha sifuri, na inashikilia namba hata mtoto akitambaa. Bakuli lake ni la plastiki tupu na baridi. Tandika kitambaa kwanza, rudisha sifuri, ndipo umweke mtoto.

Mtoto anayedhoofika haonyeshi kwa macho. Analala chuchuni pamoja na wengine, mdomo umeshika, ukimtazama unadhani ananyonya. Namba ndiyo inayomtaja. Mpime anapozaliwa, tena baada ya saa 12, kisha kila siku saa ileile, na asubuhi na jioni kama ni mdogo kuliko wenzake. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, lakini akipoteza zaidi ya asilimia 10 ana shida: aliyezaliwa na gramu 300 asishuke chini ya 270. Baada ya hapo aongeze asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kila siku, na awe na uzito maradufu kati ya siku ya 10 na ya 14. Akisimama palepale mara mbili mfululizo, mtazame siku hiyohiyo: mwangalie kaakaa kama lina mpasuko, sikiliza kifua, pima joto, umweke kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida zina maziwa mengi zaidi, wakati wenzake wakubwa wametolewa.

Mikanda ya rangi ni ya kuwatambua, na kwa watoto wanaofanana inahitajika kweli. Ila mtoto anayenenepa inavyopaswa huubana mkanda ndani ya siku 2, na uliolegea hunasa mguu au taya. Kidole chako kidogo kipite chini yake, sio zaidi. Ukague kila unapopima uzito. Anayeogopa mikanda akate kijisehemu cha manyoya, kila mtoto mahali pake: bega la kulia, nyonga ya kushoto, na kadhalika.

Joto

Pedi ya umeme iliyomo haina kidhibiti cha joto, na ukubwa wake unataka kuenea sakafu yote ya boksi la kuzalia. Mambo yote mawili ni makosa. Mtoto wa mbwa katika wiki ya kwanza hana uwezo wa kutetemeka ili ajipashe moto, na joto la mwili wake mwenyewe ni 35 hadi 37.2 tu, chini ya la mama yake. Anategemea mahali alipolala. Lakini akizidiwa na joto anachojua ni kutambaa tu, na kama kila upande una moto hana pa kwenda. Pedi ichukue theluthi moja ya sakafu, iwe chini ya tabaka mbili za kitambaa, waya wake upite nje mahali mama hafiki kwa meno. Mama naye apate sehemu ya kulala iliyo baridi, la sivyo atatoka boksini na kuwaacha.

Pale wanapolala, usawa wa sakafu na si ukutani, kuwe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, 26 hadi 29 wiki ya pili, kisha ushushe taratibu mpaka 21 hadi 24 wiki ya nne. Kipimajoto cha chumba hakimo sandukuni, kiongeze. Zaidi ya hapo, wasome wenyewe. Wakirundikana juu ya wenzao na kulia, wanasikia baridi. Wakitawanyika kila mmoja pembe yake, midomo wazi, ngozi nyekundu, wamezidiwa. Wakilala bega kwa bega, kimya, huku miili ikishtukashtuka usingizini, joto linawatosha. Huko kushtuka ni kwa kawaida, tena ni dalili nzuri. Mtoto anayelala bila kushtuka kabisa ndiye wa kumtazama.

Mtoto aliyepoa asilishwe. Hili lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kopo la maziwa. Joto la mwili likishuka chini ya 34.4 utumbo unasimama, na maziwa unayompa yanakaa tumboni yakichacha, au yanarudi kooni na kuingia mapafuni. Kwanza umpashe joto, polepole, kwa saa 1 hadi 3, ukimweka kifuani ngozi kwa ngozi au karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringwa taulo. Ukimpasha ghafla, mishipa ya ngozi inafunguka kabla moyo haujawa tayari, naye anaweza kuzimia. Akifika 36 na kuanza kutafuta chuchu, ndipo alishwe.

Chupa, mrija na kopo la maziwa

Kabla ya kopo kuna dang'a. Kinga nyingi ya mtoto wa mbwa hutoka kwenye maziwa hayo ya kwanza, na utumbo wake huipitisha kwa saa chache tu: baada ya saa 12 uwezo umepungua sana, na saa 24 zikifika mlango umefungwa. Hakuna unga unaoziba pengo hilo. Mtoto dhaifu mshikie chuchu mdomoni, ukamulie matone, hata kama baadaye utamlisha kwa mkono.

Unga wa koponi umetengenezwa kufuata maziwa ya mbwa, nao ni bora kuliko ya ng'ombe au ya mbuzi, ambayo yana protini na mafuta machache mno kwa mtoto wa mbwa. Kijiko cha kupimia kimo ndani, lakini unga ukishindiliwa kijiko hubeba zaidi, na maziwa mazito huvimbisha tumbo na kuleta kuhara. Pima kwa mizani ileile. Changanya yatakayoisha siku hiyo, weka kwenye jokofu, pasha kila mlo mpaka nyuzi 38, karibu na joto la mwili wa mama.

Kiasi: kwa wiki ya kwanza mililita 15 hadi 20 kwa siku kwa kila gramu 100 za mtoto, na kwa mlo mmoja usivuke mililita 4 kwa kila gramu 100. Mtoto wa gramu 300 basi hupata hadi mililita 60 kwa siku. Ukigawa kila saa 3 ni mililita 7.5 kwa mlo, na tumbo lake halipaswi kupewa zaidi ya 12 kwa mara moja.

Chuchu za chupa zimekuja bila tundu. Wengi hulikata kwa mkasi, na tundu linakuwa kubwa. Choma kwa sindano iliyopashwa moto, pindua chupa: litoke tone moja moja bila kuminya. Mtoto alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama alivyo kwa mama yake. Asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, na chupa isiminywe. Maziwa yakitokea puani, simama, inamisha kichwa, pangusa. Yakijirudia, hiyo ni homa ya mapafu inayobisha hodi, au kaakaa lenye mpasuko.

Mrija ndio unaookoa mtoto asiye na nguvu ya kunyonya, na ndio unaoua haraka kuliko kitu kingine chochote sandukuni. Katika siku 10 hivi za kwanza mtoto wa mbwa hana uwezo kamili wa kukohoa au kutaka kutapika anapoguswa koo, kwa hiyo mrija ukiingia njia ya hewa hatakuonya. Muombe daktari wa mifugo akuonyeshe kwa mkono mara ya kwanza. Saizi 5 ni ya watoto walio chini ya gramu 300, saizi 8 ya wakubwa zaidi. Sandukuni imo 8 pekee. Pima kutoka ncha ya pua mpaka ubavu wa mwisho, weka alama kwenye robo tatu ya urefu huo. Pitisha juu ya ulimi, kichwa kikiwa kimeinama kidogo, si kimerudishwa nyuma. Usipofika kwenye alama, umeingia njia ya hewa: toa, anza upya. Ukifika, vuta bomba la sindano taratibu. Likivuta kwa ukinzani ni vizuri, likivuta hewa tupu kwa wepesi, toa. Sukuma maziwa kwa dakika 2, kisha kunja mrija kabla ya kuutoa ili tone lisidondoke kooni.

Baada ya kila mlo, pangusa tumbo la chini na njia ya haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Hawezi mwenyewe mpaka karibu wiki 3. Kijitabu hakikulitaja hili hata kwa neno moja.

Boksi la kuzalia halimo

Hilo utalitengeneza. Urefu wake umwezeshe mama kulala amenyooka kabisa, mlango uwe wa kimo cha sentimita 15 hivi ili avuke bila chuchu kukwaruzwa. Muhimu zaidi ni reli ya ndani, sentimita 10 juu ya sakafu na karibu upana huohuo kutoka ukutani. Mama akijibwaga na mgongo ukutani, mtoto aliye nyuma yake anabaki chini ya reli akiwa hai. Maranda ya mbao yasitumike, yanaingia puani na kushikamana na kitovu.

Kijitabu kinakomea siku ya tatu

Mama anahitaji kupimwa joto kila siku kwa wiki 2. Kupanda kidogo siku ya kwanza au ya pili si ajabu. Likizidi 39.5, au ute ukinuka, au titi moja likawa gumu na la moto, ni kazi ya daktari. Ute wa hudhurungi usio na harufu unaopungua siku kwa siku unaweza kuendelea wiki 3 bila tatizo. Dawa ya minyoo kwa watoto na kwa mama huanza wiki ya 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka waache kunyonya, kwa kipimo kinachotokana na uzito, na uzito unao daftarini tayari.

Na sasa ile jeli ya kalsiamu. Maelezo ya sanduku yanashauri kuanza kumlambisha jike "katika wiki za mwisho za mimba ili kujenga akiba". Huo ni ushauri mbaya. Kalsiamu ikimiminwa kutoka nje, tezi zinazoiamrisha mifupa iachie akiba yake hulegea. Maziwa yanapoanza kuivuta kwa wingi, mwili hauwahi. Jeli ina kazi yake wakati uchungu umelegea, daktari akishathibitisha kwamba hakuna mtoto aliyekwama. Nje ya hapo ifungie. Sindano za oksitosini, homoni ya kuukaza mji wa mimba, hazimo, na ni vizuri hazimo, maana zikichomwa huku njia imezibwa na mtoto zinaweza kuupasua mji wa mimba.

Upungufu wa kalsiamu huja zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 4 baada ya kuzaa, hasa kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi. Mama anahangaika bila sababu, anahema, anatembea kama miguu imekuwa mbao, uso unashtukashtuka, kisha anatetemeka mwili mzima na kudondoka kwa degedege, joto likipanda juu sana. Mwondolee watoto palepale, uwalishe wewe, umkimbize kwa daktari. Kalsiamu ya kumrudisha huingizwa kwenye mshipa polepole, moyo ukisikilizwa muda wote, ndiyo maana haitolewi nyumbani. Kama alishalambishwa jeli, nenda na bomba lake, daktari aone amemeza kiasi gani kabla hajajaza sindano.